Mweka Dau na Mshika Dau

Kitambulisho kilikuwa kipande cha karatasi ngumu ndani ya nailoni, kikining'inia kwa utepe wa bluu shingoni mwa bibi mmoja aliyeketi kivulini mwa mkorosho, nje ya ukumbi. Kiliandikwa neno moja tu, kwa herufi kubwa: MDAU. Jina lake halikuwamo, wala la kijiji chake. Ndani ya ukumbi viti vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe, chupa za maji zimepangwa mstari, na mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti kwa kuhesabu moja mbili, moja mbili. Ulikuwa mkutano wa wadau wa korosho katika mji mmoja wa kusini. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" Akakishika kile kitambulisho kwa vidole vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, akakigeuza upande wa pili ambao haukuandikwa kitu, kisha akanirudishia upande wa maandishi. "Hapa wameniandika nani?" Nikamwambia. Akalitamka neno lile taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Kisha akauliza, "Dau gani?"

Swali lile limekaa nami kama kibanzi kilichokatikia kidoleni, ambacho hakiumi mpaka ushike kitu. Dau kwa Kiswahili ni vitu viwili, na kamusi huviweka mbalimbali kana kwamba havijuani. Kuna dau la baharini, chombo kidogo cha wavuvi kilichochongoka mbele na nyuma, chenye mlingoti mmoja na tanga lake. Na kuna dau la mchezoni, fedha anayoitoa mtu mfukoni na kuiweka katikati ya mkeka kabla karata hazijafunuliwa. Ndilo dau linalopandishwa siku hizi klabu za mpira zinapogombea mchezaji. Mdau amezaliwa na hili la pili: ni mwenye kitu chake mkekani, atakayelia au kucheka mchezo ukiisha. Hivyo ndivyo nilivyoelewa tangu zamani. Lakini sikio langu haliwezi kulisikia neno hilo bila kusikia mawimbi, kwa sababu wahenga wa pwani walikwisha kusema juu ya dau la baharini jambo ambalo sijaona profesa akilisema kwa maneno machache kuliko hayo: dau la mnyonge haliendi joshi. Kwenda joshi ni kuukata upepo, kukielekeza chombo kule kule upepo unakotoka. Mwenye nacho ana tanga zima, kamba mpya na mabaharia wa kutosha, naye huenda anakotaka hata kaskazi ikimpiga usoni. Dau la mnyonge lina tanga la viraka, na baharia wake mkono mmoja umeshika shikio, mwingine unafua maji. Huenda kule upepo unakomtaka aende, na akifika huambiwa kwamba ndiko alikokuwa anakwenda.

Neno la Kiingereza ambalo sisi tumelifanya mdau lina hadithi yake nalo, na hadithi hiyo inastahili kusimuliwa polepole. Zamani, tangu miaka ya 1700, lilikuwa jina la mtu wa tatu. Watu wawili wakipinga, huyu akisema farasi mweusi atatangulia na yule akisema mwekundu, wote wawili walimkabidhi fedha zao mtu asiye na upande. Huyo ndiye aliyeshika dau. Hakuweka kitu chake, hakushinda wala hakushindwa. Mtaji wake ulikuwa uaminifu peke yake. Mwaka 1963 watafiti wa Stanford Research Institute, kule California, walilichukua neno hilo katika waraka wao wa ndani wakalipa kazi mpya: likawa jina la makundi ambayo shirika likikosa msaada wao litakufa. Mwaka 1984 R. Edward Freeman, mtu aliyesomea hisabati na falsafa kabla ya kufundisha mambo ya biashara, akaliandikia kitabu kizima na kulipanua mpaka likaweza kumchukua yeyote anayeweza kuligusa lengo la shirika au kuguswa nalo. Mfanyakazi, mteja, mwuza malighafi, jirani anayevuta moshi wa kiwanda, wote wakaingia. Tangu hapo vitabu na makala za nadharia ya wadau zimejaza rafu. Ila katika kuhama huko kuna kitu kiligeuka kimya kimya. Aliyekuwa mshika dau akawa mweka dau. Jina la mtu aliyetunza amana likavishwa mtu aliye hatarini, na ile kazi ya kushika, kazi ya mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote, ikabaki bila jina. Wengi hulipita jambo hili kama ajali ya lugha. Mimi kila nikilitazama naona maisha ya mkulima wa korosho yamelala papo hapo, kati ya kuweka na kushika.

Fuata gunia lake. Kabla halijawa gunia, bibi amepulizia mikorosho salfa ili ubwiriunga usiunguze maua. Ameokota korosho zilizodondoka, moja moja, mgongo umepinda. Amezinyofoa kwenye mabibo. Ameanika hata ukizitikisa kiganjani zinalia kavu kama kokoto. Amechambua daraja la kwanza na la pili. Ndipo hulipeleka gunia kwenye chama cha msingi, AMCOS kama tunavyokiita, na karani hulitua juu ya mizani. Nimesimama pale zaidi ya mara moja. Gunia likitua mshale huruka, hurudi, hutetemeka. Mkulima hamtazami karani, anautazama mshale, na midomo yake inacheza bila sauti. Karani huandika kabla mshale haujatulia au baada ya kutulia, na kati ya kabla na baada mna kilo nzima. Huandika juu ya karatasi yenye kaboni, akikandamiza kalamu. Nakala ya juu, yenye wino uliokolea, hubaki ofisini. Ile ya chini, hafifu, ya rangi ya samawati inayofifia ukiishika kwa mkono wenye jasho, ndiyo anayopewa bibi. Sheria ya stakabadhi ghalani ni ya 2005, na katika korosho mfumo huo ulianza Mtwara mwaka 2007: mali inakwenda ghala kuu, karatasi inakwenda kwa mkulima, kisha wote wanasubiri mnada. Bei ikikubaliwa makato hutangulia, na kinachobaki ndicho kinachoshuka kijijini. Mfumo huu ulianzishwa kwa nia njema, ili mkulima asibanwe na njaa akauza mlangoni kwa kangomba, yule mchuuzi mwenye kipimo chake mwenyewe na bei yake mwenyewe. Na iko misimu ambayo mnada umempa mkulima bei asiyopata kuiota akiwa kibarazani. Kutolisema hilo ni dhuluma. Lakini tangu gunia lilipopita mlango wa ghala, bibi amekwisha kuweka dau lake lote, la mwaka mzima, na mikono inayolishika haijui.

Wapo waliosema kwamba meza ya Freeman, ile aliyowaketisha wote hao, ni ndefu mno. Septemba 1970, hata kabla meza yenyewe haijachongwa, Milton Friedman alikwisha kuandika katika New York Times Magazine kwamba meneja ni mtumishi wa wenye kampuni, wajibu wake ni kuwaongezea faida bila kuvunja kanuni za mchezo, na akitumia fedha zao kwa wema mwingine anagawa kisicho chake. Mwaka 2001 Michael Jensen wa Harvard akaongeza hoja ambayo mtu yeyote wa pwani angemmalizia: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Meneja aliyeambiwa awaridhishe wote hana kipimo cha kumwonyesha kwamba ameshindwa, na asiye na kipimo hakuna awezaye kumwuliza. Siibezi hoja hiyo hata kidogo. Nimewaona viongozi wakijificha nyuma ya neno wadau kama mtu anavyojificha katika umati wa sokoni. Uliza kwa nini makato yameongezeka, utaambiwa wadau waliafikiana. Uliza ni wadau wepi, utaambiwa wote. Hata mwezi Agosti 2019, wakuu 181 wa makampuni makubwa ya Marekani walipotia sahihi tamko kwamba kampuni ipo kwa ajili ya wateja, wafanyakazi, wauzaji na jamii pamoja na wenye hisa, nilisoma majina mengi na ahadi nyingi, nikatafuta mahali palipoandikwa nani atamwuliza nani, lini, kwa kipimo gani. Sikupaona.

Hata hivyo methali ile inawazungumzia manahodha. Haijasema kwamba kwa kuwa mshika shikio ni mmoja, basi na samaki wote ni wake. Shuka Mikindani au Kilwa Kivinje asubuhi, vyombo vikirudi. Kwanza hutolewa gharama za safari, kisha yanapangwa mafungu: la chombo, la nyavu, la nahodha, la kila baharia. Hata kabla ya mafungu kila aliyetoka baharini amekwisha kutengewa kitoweo cha nyumbani, na kitoweo hakiingii hesabuni. Mtoto aliyekuja kusukuma chombo mchangani huondoka na samaki wake ametungwa kwenye ukindu. Sidai kwamba pale pana haki kamili. Mwenye chombo na nyavu huondoka na kikubwa, na baharia anaweza kuzeeka bila kumiliki hata kasia. Ninachokitazama mimi ni mahali mgao unapofanyika. Unafanyika mchangani, jua linawaka, mbele ya macho ya wote walioloa. Baharia akiona fungu lake limepunjwa, hahitaji kuandika barua wala kusubiri mkutano wa mwakani. Samaki wapo, wanahesabika, na yeye alikuwapo walipotoka majini. Hakuna aliyemwita mdau. Hakuhitaji kuitwa.

Mwaka 1995 Thomas Donaldson na Lee Preston walitenga nyuso tatu za nadharia hii: uso unaoeleza mashirika yanavyoishi na watu walioyazunguka, uso unaosema ukiwatendea wema utapata faida, na uso unaosema watendee haki kwa kuwa ni haki yao, upate faida au usipate. Uso wa pili ndio unaopendwa mikutanoni. Ndio wa mfugaji anayemtibu ng'ombe kwa sababu ya maziwa. Uso wa tatu ni mgumu kuutazama moja kwa moja, kwa sababu unataka bibi aheshimiwe hata mwaka ambao mikorosho yake imekauka.

Miaka miwili baadaye Ronald Mitchell, Bradley Agle na Donna Wood waliuliza swali la watu wazima: kati ya wote hao wanaoitwa wadau, meneja humsikiliza nani kweli? Wakajibu kwa mambo matatu, nguvu, uhalali na udharura. Mwenye yote matatu husikilizwa. Mwenye uhalali na udharura bila nguvu walimpa jina, tegemezi: ana haki, ana haraka, lakini hana mkono wa kulisukuma jambo lake, hivyo hutegemea mwenye nguvu amwonee huruma. Nilipolisoma hilo nilimwona bibi wa kitambulisho. Uhalali anao, hakuna anayebisha. Udharura anao, ada za shule haziungoji mnada. Nguvu ndiyo hana. Dau lake haliendi joshi. Watafiti hao walimchora pia mdau mwingine, mwenye nguvu na udharura ambaye uhalali umemtoka, wakamwita wa hatari. Aprili 2013, kule Liwale mkoani Lindi, wakulima walipoona malipo ya pili ya korosho hayafikii walichokuwa wanakitarajia, nyumba zilichomwa moto. Nyumba ya mtu haichomwi nikasema ni sawa. Lakini kila nikikumbuka nafikiri jinsi umbali ulivyo mfupi kati ya jina moja na jingine katika mchoro wa wasomi. Mtu analala tegemezi, anaamka wa hatari, na katikati ya usiku huo kilichobadilika ni kwamba amekata tamaa ya kusubiri.

Sasa nalifikia neno jingine, ambalo wasomi wa uhasibu wameliandikia vitabu vyao: udhibiti. Robert Anthony wa Harvard mwaka 1965 aliueleza udhibiti wa menejimenti kuwa njia ambayo mameneja huhakikisha kwamba rasilimali zinapatikana na kutumika vyema kuyafikia malengo ya shirika. Sentensi safi, kama ofisi iliyofagiliwa asubuhi. Ndani yake meneja ndiye anayehakikisha na wengine ndio wanaohakikishwa. Robert Kaplan na David Norton walipoleta kadi yao ya alama zenye mizani mwaka 1992, wakisema shirika lisijipime kwa fedha tu, walipanua kinachopimwa, na nawashukuru. Andy Neely na wenzake walikwenda mbele zaidi mwaka 2002: wakataka upimaji uanze kwa kuuliza wadau wanataka nini, na papo hapo wanachangia nini. Swali la pili hilo nalipenda kuliko la kwanza, kwa kuwa linamtambua bibi kuwa mtoaji, si mwombaji tu. Bado lakini katika maandishi yote hayo nauliza kama mtoto mkaidi: mizani yenyewe imeshikwa na nani, na nani mwingine anauona mshale?

Neno la Kiingereza la udhibiti lilikuwa na jibu, nalo limelisahau. Limetoka katika Kifaransa cha zamani, na maana yake ya kwanza ilikuwa daftari la pili: gombo lililowekwa mkabala na gombo la kwanza, na mtu mwingine, kwa mkono mwingine, ili hesabu za huyu zilinganishwe na za yule. Kwa asili yake, basi, udhibiti ulikuwa kazi ya mikono miwili. Halikuwa jambo la mkubwa kumbana mdogo. Lilikuwa jambo la daftari moja kutoaminiwa likiwa peke yake. Hebu tazama maneno haya mawili yalivyopishana njiani. Moja lilikuwa la mtu aliyeaminiwa kushika mali ya wengine, likawa la wale ambao mali yao imeshikwa. Jingine lilikuwa la daftari la pili, likawa la yule mwenye daftari moja tu.

Kusini tuliuona udhibiti wa daftari moja mwaka 2018. Minada ya mwanzo wa msimu ilitoa bei ambazo wakulima walizikataa. Mwezi Novemba serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakateremka Mtwara kuzibeba. Watu walishangilia, nami sikuona sababu ya kutoshangilia. Kisha ukaja uhakiki. Ili asilipwe mtu wa kangomba aliyekusanya korosho za wenzake, mkulima alitakiwa athibitishwe kwamba shamba analo na mikorosho yake inaweza kuzaa kilo alizopeleka. Shabaha ilikuwa ya haki. Lakini mtu aliyekwisha kukabidhi mali yake alijikuta akithibitisha kwamba mali hiyo ilikuwa yake, na hadi mwaka uliofuata wapo waliokuwa wakisubiri. Na wale waliopeleka korosho za jirani asiye na akaunti, na mjane aliyeuzia kwenye jina la shemeji, wakawa hawaelezeki. Charles Goodhart, mchumi wa Uingereza, alionya mwaka 1975 kwamba kipimo ukikikandamiza ili kikutawalie watu, hukoma kukuambia ukweli. Kilo ni kilo mpaka utakapoifanya kuwa ushahidi.

Robert Simons, naye wa Harvard, aliandika mwaka 1995 kwamba kiongozi ana nyenzo nne za kuongoza shirika: imani zinazowaunganisha watu, mipaka isiyovukwa, vipimo vya kugundua kasoro, na mazungumzo ya mara kwa mara ambamo mkubwa mwenyewe huketi na wa chini yake na kuhoji kwa pamoja yale wasiyoyajua bado. Ile ya nne ndiyo iliyonipa matumaini kuhusu mikutano ya wadau. Ingewezekana kabisa kuwa hivyo. Ingewezekana bibi akaulizwa mshale unaruka vipi, magunia yalichelewa wiki ngapi, kaboni inafifia baada ya siku ngapi. Hakuna mtaalamu anayeyajua hayo kumzidi. Mazungumzo ya namna hiyo hayahitaji vitambaa vyeupe vitini. Yanahitaji mtu mwenye mamlaka ya kubadili jambo aketi pale atakapoambiwa jambo asilotaka kulisikia, na akae mpaka mwisho.

Kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi, na nilichelewa kuliona. Bibi yule si mdau wa ushirika. Ni mwanachama, na mwanachama ndiye mwenye ushirika. Wale wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao Toad Lane tarehe 21 Desemba 1844 wakiuza unga, sukari, siagi na mishumaa, walikuwa wamechoka na vyakula vilivyochanganywa uchafu na mizani ya uongo. Uzito kamili ulikuwa sehemu ya imani yao, sambamba na kura moja kwa kila mwanachama. Ushirika ulizaliwa, kwa namna moja, kutokana na hasira juu ya mizani. Mbegu hiyo ilifika kwetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu, KNCU, tangu 1933. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika ikaweka mamlaka za mazao mahali pake, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Vilirudi, lakini mtu aliyenyang'anywa nyumba yake akarudishiwa huingia ndani kwa kubisha hodi. Sasa neno mdau, ambalo Marekani lilipewa kazi mpya ili asiye mmiliki apate kiti mezani pamoja na mwenye hisa, limefika kwetu likafanya kinyume chake. Limemchukua mwenye mali likamketisha safu moja na benki, msafirishaji, mwuza pembejeo na mnunuzi, wote wadau, wote sawa, kila mmoja na kitambulisho chake. Mwenye nyumba ameandikiwa kadi ya mgeni, na ameipokea kwa mikono miwili kwa sababu kalelewa kuheshimu wageni.

Haya yote sikuyawaza siku ile. Siku ile nilikaa tu kivulini, nikijaribu kulijibu swali lake, nikisema mambo ya kuweka na kushika ambayo yeye aliyasikiliza kwa adabu. Nilipomaliza alifungua fundo la pindo la khanga yake akatoa stakabadhi zake, zimekunjwa mara nne, na pamoja nazo kamba nyembamba yenye mafundo. Kila alipotoka mizani, alisema, alifunga fundo moja. Kubwa kwa daraja la kwanza, dogo kwa la pili. Mama yake alihesabu hivyo, na bibi yake pia. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika habari za kamba ya namna hiyo: msafiri alimwachia mkewe kamba yenye mafundo, fundo kwa kila siku ya safari, naye mke akajua siku ya kumtarajia. Zaidi ya miaka mia imepita tangu hapo, na daftari la pili lilikuwa bado lipo, limefungwa kwenye pindo la khanga, katika mkutano ambao ratiba yake haikuwa na nafasi ya kuliita.

"Nisomee," akasema. Akazitandaza karatasi juu ya mkeka, akavua kile kitambulisho akaziwekea juu upepo usizipeperushe, akawa ananipa moja baada ya nyingine. Nilisoma tarehe, daraja, kilo. Kwa kila karatasi kidole gumba chake kilivuka fundo moja. Wakati mwingine alinizuia akasema, "Hiyo ni ile siku ya mvua," kisha akaniruhusu niendelee. Karatasi zikaisha. Kidole chake kilikuwa kimesimama, na mbele yake lilibaki fundo moja, kubwa. Nikazipapasa tena zote, nikidhani labda mbili zimegandana kwa jasho. Hazikugandana. Ndani ya ukumbi walikuwa wameanza kupiga makofi, na mtu alitokea mlangoni akawaita wadau wote waingie. Bibi hakugeuka.

"Anza upya," akasema, "na usiende mbio."